Vyombo, Maneno na Malipo: Historia ya Kazi ya Mpiga Gitaa Jijini Kigali

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia kazi ya mpiga gitaa wa kulipwa nchini Rwanda, hasa jijini Kigali, tangu enzi za gitaa kavu hadi bendi za hotelini za leo. Hoja yake ni kwamba kipato cha mpigaji kimeamuliwa na mambo mawili ambayo wanahistoria wa muziki hawajayapa uzito wa kutosha: nani anamiliki vyombo, na mpigaji anaitwa kwa neno gani pale malipo yanapogawanywa.

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina neno moja, vyombo, kwa sahani za jikoni, majahazi ya baharini na magitaa ya bendi. Katika muziki wa dansi wa Afrika Mashariki neno hili limebeba uhusiano mzima wa kazi. Mwenye vyombo kwa kawaida si mpigaji. Ni mtu, chama au taasisi iliyonunua magitaa, amplifaya na spika, na kwa hiyo ndiye anayeamua nani atapanda jukwaani.

Kinyarwanda kinaligawa jambo hilohilo kwa namna nyingine. Umuhanzi ni mtunzi, mtu aliyebuni. Jina linatokana na kitenzi guhanga. Umuririmbyi ni mwimbaji. Umucuranzi ni mpigaji wa ala, kutoka kitenzi gucuranga, kilichotumika kwa inanga kabla ya gitaa kufika. Katika Kiswahili cha magazeti na cha maofisini, watu hawa watatu wamefunikwa na neno moja, msanii. Mtu anaweza kuona hili kama suala dogo la msamiati. Nitajaribu kuonyesha kwamba lina bei, na kwamba bei hiyo hulipwa na mpiga gitaa.

2.0 Gitaa kavu

Historia ya gitaa katika ukanda huu haiwezi kuanzia Kigali. Wakati wa uhuru mwaka 1962 Kigali ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 6,000; makao ya utawala wa Kibelgiji wa Ruanda-Urundi yalikuwa Usumbura, Bujumbura ya leo. Mpiga gitaa huishi kwa kuuza usiku wake, na mji wenye wakazi wachache na mishahara michache haukuwa na usiku mwingi wa kuuza.

Soko lilikuwa Katanga, penye migodi na reli. Huko ndiko Hugh Tracey alikomrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, katika mji wa Jadotville, unaoitwa Likasi leo. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada, gumba likishika besi na kidole cha pili kikifuma sauti ya juu, akaimba kwa Kiswahili cha Katanga. Kwa mtafiti wa lugha jambo hili halipaswi kupitwa haraka: miongoni mwa rekodi za gitaa zilizosikika mbali zaidi kutoka Afrika ya Kati, kadhaa ziliimbwa kwa Kiswahili, na mwimbaji hakuwa mtu wa pwani. Kiswahili kilisafiri na gitaa kama kilivyosafiri na dereva wa lori na mfanyabiashara wa sokoni.

Vyombo vya enzi hizo vilikuwa vyepesi. Kampuni ya Gallo ya Afrika Kusini, iliyotoa santuri za Mwenda, ilikuwa pia ikitengeneza magitaa ya bei nafuu. (Gitaa la kwanza la John Lennon, kijana wa Liverpool, lilikuwa la aina hiyo, Gallotone Champion. Watafiti wetu wanaodhani kwamba vyombo vilitiririka kutoka Ulaya kuja Afrika tu wangefaa kulikumbuka gitaa hilo.) Uzi ulipokatika na duka likawa mbali, wapigaji walichomoa unyuzi mmoja wa waya wa breki ya baiskeli. Kipande cha kalamu kilichofungwa kwa kamba juu ya shingo ya gitaa kilitosha kupandisha sauti ili imfae mwimbaji. Mpigaji wa namna hiyo alikuwa mwenye chombo chake, na aliweza kujadiliana kwa jina lake mwenyewe. Mwenda alipokwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950 alipata kazi ya kutangaza dawa ya Aspro redioni. Edouard Masengo, Mkatanga mwenzake, alipita njia hiyohiyo kwa Coca-Cola. Walilipwa kwa sababu walijulikana, nao walijulikana kwa sababu jina la mpigaji na la mwimbaji lilikuwa moja.

3.0 Wenye vyombo

Umeme ulibadili mkataba huo. Gitaa la solo, la rithimu na la besi yalihitaji amplifaya. Amplifaya zilihitaji gari. Gari lilihitaji mtu mwenye fedha. Mfano ulio wazi zaidi ni wa Tanzania. NUTA Jazz Band, iliyoundwa mwaka 1964, ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Wapigaji walikuwa waajiriwa wenye mshahara, faida kubwa kwa mtu wa kazi hii, lakini magitaa yalikuwa ya chama. Aliyehama bendi alihama mikono mitupu. Ndiyo maana historia ya dansi ya Dar es Salaam imejaa habari za wanamuziki waliovutwa kutoka bendi moja kwenda nyingine: mwenye vyombo vipya alikuwa na sauti ya kuwaita.

Nchini Rwanda enzi ya okestra ilishika kasi katika miaka ya 1970 na 1980, na Orchestre Impala ndiyo inayokumbukwa zaidi. Muziki wake ulichukua mpangilio wa magitaa wa rumba ya Kongo na kuuvisha maneno ya Kinyarwanda pamoja na mwendo wa ngoma za nyumbani. Rwanda haikuwa na kiwanda cha santuri. Mlango mkuu wa kutokea ulikuwa Radio Rwanda: bendi iliingia studio, ikarekodi, wimbo ukarushwa hewani, na umaarufu ukarudi kwa njia ya mialiko ya kupiga dansi. Redio iliwapa watu jina, malipo yakatoka mlangoni mwa ukumbi. Na jina lililotangazwa lilikuwa la bendi au la mwimbaji. Vidole vya mpiga solo vilijulikana na nchi nzima bila jina lake kujulikana.

Mafunzo hayakuwa na shule. Kijana alikaa na kaseti, akairudisha nyuma mara ishirini kusikia mshororo mmoja wa solo, kisha akaenda kumtazama mkubwa wake jukwaani ili aone pale sikio liliposhindwa. Istilahi alizopokea zilikuwa mchanganyiko: solo, misolo, rithimu na akompanyema kutoka Kifaransa cha Wakongo, sebene kutoka kwao pia, na Kiswahili kwa maagizo ya haraka, kaza, shusha, rudia, ngoja. Katika Nyamirambo na Biryogo, mitaa ya Kigali ambayo Kiswahili kimekuwa lugha ya nyumbani na ya biashara tangu enzi za ukoloni, mchanganyiko huu haukuhitaji kufafanuliwa na mtu.

4.0 Mwaka 1994

Katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994 waliuawa pia waliobeba ufundi huu. André Sebanani, sauti kubwa ya Impala na mwigizaji wa michezo ya redio, aliuawa. Cyprien Rugamba, mtunzi na mwanzilishi wa kundi la Amasimbi n'Amakombe, aliuawa pamoja na mkewe Daphrose na baadhi ya watoto wao tarehe 7 Aprili. Pale ufundi unapokaa vidoleni na si kwenye karatasi, kumuua mpigaji ni kuteketeza maktaba na shule yake kwa pamoja.

Waliorudi kutoka Uganda, Burundi, Kongo na Tanzania walirudi na mikono iliyofunzwa kwingine. Kwa hiyo muziki wa bendi wa Kigali wa baada ya vita si mwendelezo mnyoofu wa ule wa kabla yake. Ni mkutano wa watu waliojifunza gitaa katika nchi nne au tano, wakitafuta nyimbo wanazozifahamu wote. Nyimbo hizo zilipatikana katika karahanyuze, yaani zile ambazo Mswahili angeziita zilipendwa, na uchezaji wake wa moja kwa moja katika baa ukaitwa igisope. Makanyaga Abdul, aliyeimba kabla na baada ya 1994, ndiye daraja linaloonekana zaidi kati ya enzi hizo mbili. Impala nayo ilikuja kufufuliwa na manusura wake, akiwamo Mimi La Rose.

Serikali iliingia katika mafunzo mwaka 2014 kwa kufungua shule ya muziki ya Nyundo, wilayani Rubavu, chini ya uongozi wa Jacques Murigande, mpiga gitaa anayejulikana kama Mighty Popo. Matokeo yake yanasikika: wahitimu wake wamejaza bendi zinazosindikiza waimbaji wakubwa wa Kigali, na wanasoma noti ambazo wazee wao hawakuzisoma. Nadhani hiki ni kati ya vitendo vya sera ya utamaduni vilivyofanikiwa zaidi katika kanda yetu. Kilichobaki nje ya mtaala wa kazi ni mapatano.

5.0 Usiku mmoja na kalenda yake

Mpiga gitaa wa Kigali wa leo mara nyingi ana gitaa lake, waya wake, na pengine pedali mbili tatu. Chombo kimerudi mikononi mwake, lakini spika, mikisa na jukwaa ni vya hoteli au vya mkodishaji. Husafiri kwa pikipiki, gitaa likiwa mgongoni ndani ya mfuko. Dereva wa pikipiki haruhusiwi kubeba zaidi ya abiria mmoja, kwa hiyo bendi ya watu sita hufika kwa pikipiki sita, na nauli ya kurudi usiku wa manane ni gharama ya kila mmoja isipokuwa ikitajwa mapema. Repertua yake inamlazimu kupita kutoka igisope kwenda rumba, zilipendwa za Nairobi na Dar es Salaam, nyimbo za injili, na vibao vya Nigeria, mara nyingine ndani ya saa moja. Mazoezi ya asubuhi sasa hufanywa kwa simu, si kaseti. Sikio ni lilelile.

Kalenda yake haifanani na ya mwenzake wa Kampala. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni umuganda, na aliyepiga Ijumaa usiku hana asubuhi ya kulala. Kuanzia tarehe 7 Aprili, wiki ya maombolezo ya Kwibuka husimamisha burudani zote, na hakuna mpigaji anayelinung'unikia hilo, ingawa ni wiki isiyo na kipato. Miezi ya kiangazi ya Juni hadi Agosti ni ya harusi. Tangu Septemba 2023 shughuli zisizo za lazima hufungwa saa saba usiku siku za wiki, na saa nane usiku Ijumaa na Jumamosi. Uamuzi huo una sababu zake za utulivu na afya. Hata hivyo, kwa mtu anayelipwa kwa seti, saa iliyopunguzwa ni seti iliyopotea. Funzo kali zaidi lilikuwa la UVIKO-19: nchi ilifungwa Machi 2020 na baa hazikuruhusiwa kufunguliwa tena hadi Septemba 2021. Waliokuwa na jina waliendelea kupata chochote kutokana na rekodi. Wapigaji walikuwa na usiku tu wa kuuza, na usiku haukuwapo.

6.0 Jina linalolipwa

Hapa tunarudi kwenye maneno. Sheria ya Rwanda Na. 31/2009 ya tarehe 26 Oktoba 2009 kuhusu ulinzi wa mali za ubunifu, iliyotumika hadi ilipobadilishwa mwaka 2024, ilitambua haki za mtunzi na, pembeni yake, haki za watendaji. Tanzania ilikuwa na jozi hiyohiyo katika sheria yake ya mwaka 1999, na Kiswahili kiliipatia istilahi nzuri: hakimiliki na hakishiriki. Kenya ina chama maalumu cha haki za watendaji, PRISK. Kwa hiyo mpiga gitaa hajasahauliwa na sheria. Amesahauliwa na fomu. Solo ya utangulizi, ambayo mara nyingi ndiyo msikilizaji anayoitambua kabla hata ya neno la kwanza kuimbwa, hutungwa mazoezini na mpigaji. Wimbo husajiliwa kwa jina la umuhanzi. Umucuranzi hupokea malipo ya usiku kwa simu, na shughuli inaishia hapo. Neno msanii, likitumika kwa wote wawili, huficha kwamba mmoja wao hakuandikwa.

Mazingira ya kulirekebisha hili yamewahi kuwa mabaya kuliko sasa. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki imekuwa ikitumika tangu Julai 2010, na Kongo, nchi ya gitaa lenyewe, ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, ingawa mpaka wa Rubavu na Goma hufunguka na kubana kwa kufuata hali ya usalama. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki imejadili istilahi za sheria, afya na teknolojia. Ningependekeza ijadili pia karatasi moja: mkataba wa kazi ya usiku mmoja, kwa Kiswahili na Kinyarwanda, unaotumia maneno ambayo wapigaji wenyewe wanayo. Uwe na nafasi ya mpiga solo, mpiga rithimu na mpiga besi, kila mmoja kwa jina lake, aliyetunga utangulizi, idadi ya seti na saa ya kufunga, mwenye vyombo ni nani, na nani analipa kifaa kikiungua, malipo kama onyesho litarekodiwa na kurushwa, nauli ya pikipiki baada ya saa nane usiku, na, kwa kuwa waya wa breki ya baiskeli hautumiki tena, bei ya seti moja ya nyuzi.