Kijidudu cha maji moto kilivyofika maabara za Mikocheni

Mwaka 2023, watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Uswisi walichapisha matokeo ya kusoma vinasaba vya bakteria wa kifua kikuu kutoka kwa wagonjwa zaidi ya elfu moja wa Temeke. Walibaini kuwa aina zinazoongoza kuambukiza watu Dar es Salaam ziliingia kutoka nje katika miaka 300 iliyopita, na iliyoenea kuliko zote ilitoka Asia ya Kusini.

Sayansi inayofukua historia ya namna hiyo ndani ya makohozi inadaiwa fadhila na mtu aliyechungulia chemchemi.

Mtu huyo ni Thomas Brock, mwanabiolojia wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1926. Mwaka 1964 alipita katika hifadhi ya Yellowstone na kushangazwa na rangi za vijidudu vilivyotanda kwenye maji ya moto. Wakati huo wataalamu wengi hawakutarajia bakteria kustawi katika joto kali kiasi hicho. Brock akarudi tena na tena. Mwaka 1966, yeye na mwanafunzi wake Hudson Freeze walipata katika chemchemi ya Mushroom bakteria anayestawi kwenye nyuzijoto 70 hivi. Mwaka 1969 wakamtangaza kwa jina Thermus aquaticus, na sampuli yake ikahifadhiwa mahali ambapo mwanasayansi yeyote angeweza kuiomba.

Brock hakuwa akitafuta dawa wala soko. Alitaka kujua uhai unaishia wapi.

Mwaka 1976, Alice Chien, David Edgar na John Trela wa Chuo Kikuu cha Cincinnati walitenga kutoka kwa bakteria huyo kimeng'enya kinachonakili vinasaba, kinachofanya kazi vizuri zaidi kwenye nyuzijoto 80. Miaka saba baadaye, Kary Mullis akabuni PCR, njia ya kuzidisha kipande kidogo cha vinasaba. Lakini kila mzunguko unahitaji joto la karibu nyuzi 95 ili kutenganisha nyuzi mbili za kinasaba, na joto hilo liliharibu kimeng'enya cha kawaida. Ilibidi kuongeza kingine kila mara. Kimeng'enya cha Yellowstone, kiitwacho Taq, kilistahimili. Mizunguko 30 ikatosha kugeuza nakala moja kuwa zaidi ya bilioni. Mwaka 1993 Mullis alipata Tuzo ya Nobel ya Kemia.

Huku Kinondoni, kituo cha utafiti wa kilimo Mikocheni hutumia PCR kutambua virusi vya muhogo, vya batobato na vya michirizi ya kahawia. Ugonjwa huu wa pili ulielezwa na H. H. Storey wa kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, mwaka 1936. Ni adui wa siri: majani yanaweza kuonekana mazima huku mihogo ikioza ardhini. Kwa mkulima, kujua mapema kama mbegu ni safi ndiyo tofauti kati ya chakula na njaa.

Faida ya fedha ilikwenda kwingine. Mwaka 1991 kampuni ya Roche ilinunua haki za PCR kwa dola milioni 300, na Yellowstone haikuambulia kitu. Nchini Kenya nako, mwaka 2004, Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lililalamikia vimeng'enya vya kufifisha suruali za jinzi vilivyotokana na bakteria wa maziwa ya magadi. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ikaweka msingi wa kugawana manufaa ya aina hiyo.

Itifaki hiyo hulinda mgao, lakini haizai maarifa. Tanzania ina chemchemi za moto Songwe na Amboni, na ina Ziwa Natron. Ina pia maabara na vijana waliosomea baiolojia. Wanachohitaji ni fedha za kuuliza maswali ambayo bado hayana soko, kama lile la Brock. Mfuko wa utafiti unaodai faida kabla ya jibu ungemnyima Brock safari yake, na leo Temeke na Mikocheni zingekosa nyenzo muhimu.