Mama Ameona. Sasa Amwambie Nani?

1/ Kila shambulio likitokea, mijadala ya siasa inarudia swali lile lile: "Mama zao walikuwa wapi?" Kabla ujibu, pitia historia kidogo.

2/ Kwanza, itikadi kali si mambo ya dini peke yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Kibera na Kawangware jirani aligeukia jirani kwa sababu ya kabila. Nchi nzima waliuawa zaidi ya watu 1,100. Hapo ndipo akina mama wa Kibera wa makabila tofauti walijiunga, wakaunda Kibera Women for Peace and Fairness. Hawakuwa na bunduki wala cheo. Walikuwa wanajulikana mtaani, basi.

3/ Halafu ugaidi. Oktoba 2011 jeshi letu liliingia Somalia. Septemba 2013, Westgate: watu 67 waliuawa. Aprili 2014 ukaja msako wa Usalama Watch. Maelfu walikamatwa, hasa Eastleigh, wengi wakazuiliwa uwanja wa Kasarani.

4/ Sasa jiweke kwa nafasi ya mama wa Kibera aliyeona hayo yote. Kijana wake ameacha marafiki, anajifungia na simu usiku kucha. Akisema, atamwona tena?

5/ Serikali yenyewe iliona shida hiyo. Aprili 2015, baada ya wenzetu 148 kuuawa Chuo Kikuu cha Garissa, ilitangaza msamaha kwa vijana watakaorudi kutoka Somalia na kujisalimisha. 2016 ukaja mkakati wa kitaifa dhidi ya itikadi kali, na mwingine wa wanawake na amani: "Kuhusisha Wanawake ni Kudumisha Amani". Kwenye karatasi, mama akapata kiti.

6/ Lakini Septemba 2016 hiyo hiyo, wanawake watatu walishambulia kituo cha polisi cha Central, Mombasa. Kwa hivyo tuache ile ya "wanawake ni wapole". Mama anafaa kwa sababu yuko pale: kwenye chama, foleni ya maji, kwa mama mboga. Mabadiliko anayaona kabla ya chifu.

7/ Kwa hivyo mwanasiasa akisema "akina mama waripoti", muulize: kwa nani? Kuna mtu wa kuongea na huyo kijana kabla ya pingu? Na akishachukuliwa, mama ataambiwa yuko wapi?

Kama hana jibu, hajampa mama kazi. Amemtupia lawama.