Mkoa, Wilaya, Kata: Safari ya Fomu Hadi Lagangabilili

Machi 2012 Serikali ilitangaza mikoa minne mipya: Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Wilaya ya Bariadi ikamegwa, ikazaliwa Itilima, na Lagangabilili ikawa makao makuu yake. Kwa mwenye fomu ya karatasi hilo lilikuwa jambo la kalamu tu. Unakata neno "Shinyanga", unaandika "Simiyu" juu yake, mtendaji anagonga muhuri, mambo yanaendelea. Fomu ya kompyuta haina nafasi ya kukata na kuandika juu. Ina orodha. Jina la wilaya yako limo au halimo, na kama halimo, wewe unayejaza huna kalamu ya kuliongeza.

Orodha hiyo ya mkoa, wilaya na kata, ambayo kila Mtanzania aliyewahi kuomba chuo, mkopo au ajira amekutana nayo, imebeba karibu historia yote ya fomu za mtandaoni. Tangu mwanzo swali limekuwa moja: kazi ifanywe na nani, seva iliyo mbali au kifaa kilicho mkononi mwa mwombaji? Jibu limebadilika mara nyingi, na kila lilipobadilika, mtu wa Lagangabilili alilipia tofauti na mtu wa Dar es Salaam.

Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu za Serikali kwenye kompyuta kwenda kombo, uingizaji wa mashine hizo ulipigwa marufuku. Zuio hilo likachukua miaka mingi kulegezwa. Miaka mitatu tu kabla yake, mwaka 1971, kampuni ya IBM ilikuwa imetoa kioo cha 3270, na humo ndimo fomu ya leo ilimozaliwa. Mashine kubwa ilipeleka fomu nzima kwenye kioo, sehemu nyingine zikiwa zimefungwa na nyingine wazi. Karani alijaza taratibu bila kuisumbua mashine. Alipobonyeza kitufe cha kupeleka, yote aliyojaza yalikwenda kwa mkupuo mmoja. Ukijaza fomu kwenye simu leo na kubonyeza "Wasilisha", unafanya kazi ileile ya karani wa 1971.

Mtandao wa kurasa uliufufua mtindo huo. Mwaka 1993 watengenezaji wa NCSA, katika Chuo Kikuu cha Illinois, waliweka utaratibu wa seva kupokea majibu ya fomu na kuyakabidhi kwa programu. Novemba 1995 kiwango cha HTML 2.0 kikatoka, na ndani yake vile vifaa tunavyovijua: kisanduku cha kuandikia, vidude vya kutia alama, orodha ya kuchagua, kitufe cha kutuma, na sehemu iliyofichwa ambayo mtumiaji haioni. Mwaka huohuo Rasmus Lerdorf, mzaliwa wa Greenland, aliwapa watu bure zana zake zilizokuja kuwa PHP. Moja kati ya zana hizo aliipa jina la kazi yake hasa, mfasiri wa fomu.

Tatizo lilijitokeza mapema. Seva inatunga ukurasa, inautuma, kisha inasahau. Mtu akiacha sehemu moja wazi, lazima fomu nzima isafiri hadi seva na kurudi ndipo aambiwe kosa lake. Kwa aliyekuwa kwenye mgahawa wa intaneti akilipia kwa dakika, safari hiyo ilikuwa fedha. Mei 1995 Brendan Eich wa Netscape aliandika kwa siku kumi lugha iliyokuja kuitwa JavaScript, na kukagua fomu kabla haijaondoka kwenye kifaa kukawa miongoni mwa kazi zake za kwanza.

Tangu hapo ukurasa mmoja umekuwa na waandishi wawili wasioonana. Seva huandika kwanza, ikiwa na kanzidata mbele yake lakini haimwoni mtu. Skripti, yaani programu ya JavaScript iliyomo ndani ya ukurasa, huamka baadaye, ukurasa ukiwa umeshafika kwenye kifaa. Hiyo inamwona mtu lakini haiioni kanzidata. Mara nyingi pia seva ndiyo inayoiandika skripti yenyewe: programu inatunga programu nyingine, itakayoendeshwa mahali ambapo mtunzi wake hafiki. Nadhani hakuna mahali pengine katika ufundi huu ambapo makosa huzaliana kama hapa.

Kosa moja linaugusa Usukuma moja kwa moja. Itilima ina kata iitwayo Kinang'weli. Jirani, wilayani Meatu, iko Ng'hoboko. Katika JavaScript alama ileile iliyo katikati ya majina hayo ni mojawapo ya zinazofungua na kufunga maneno. Seva ikimwaga orodha ya kata ndani ya skripti bila uangalifu, kivinjari kinasoma "Kinang", kinakutana na alama, kinaamini neno limeisha, halafu kinashindwa kuelewa "weli" ni nini. Skripti yote inasimama. Orodha haifunguki kwa mtu yeyote aliyechagua wilaya hiyo, hata kama kata yake haina alama hiyo. Kwenye kanzidata hatari yake ni kubwa zaidi. Desemba 1998 Jeff Forristal alieleza katika jarida la Phrack jinsi mtu anavyoweza kujipenyeza kwenye kanzidata kupitia maneno anayoyaandika kwenye fomu, na alama hiyo ndiyo ufunguo unaotumika sana. Waandaaji wengine walijikinga kwa kuikataa kabisa. Matokeo yake mtu aitwaye Ng'wandu akaambiwa jina lake "si sahihi", ingawa ndilo alilopewa na wazazi na ndilo lililo kwenye cheti cha kuzaliwa. Dawa sahihi inajulikana siku nyingi: seva ibadilishe alama hiyo iwe salama kila inapoliandika jina ndani ya skripti, na thamani zipelekwe kwenye kanzidata zikiwa zimetengwa na amri. Ni kazi ya mistari michache. Kumkatalia mtu jina lake kwa kukwepa mistari michache ni dharau, hata kama aliyefanya hivyo hakukusudia.

Turudi kwenye orodha. Zilipatikana njia tatu za kuifanya wilaya ifuate mkoa. Ya kwanza ni ya seva: ukichagua mkoa, ukurasa wote unarudi seva na kuja upya ukiwa na wilaya zake. Microsoft iliifanya njia hii iwe rahisi mno kwa mwandaaji ilipotoa ASP.NET mwaka 2002. Ili seva ikumbuke ilichosahau, hali ya fomu nzima ilifungwa kwenye sehemu iliyofichwa iitwayo ViewState, ikawa inasafiri kwenda na kurudi kila mara. Kwenye ofisi yenye mtandao wa kasi hakuna aliyeuhisi uzito wake. Vilevile seva ilijipangia majina marefu ya visanduku, hivyo skripti iliyokuwa ikikitafuta kisanduku cha "wilaya" haikukiona, maana sasa kilikuwa kimebebeshwa viambishi vya kila chombo kilichokizunguka. Mwandaaji alipata ruhusa kamili ya kuyasimamia majina hayo mwaka 2010, toleo la nne lilipotoka.

Njia ya pili ni kumwaga wilaya na kata zote za nchi ndani ya ukurasa tangu mwanzo. Baada ya hapo hakuna kusubiri, lakini wa Itilima anashusha kwa bando lake kata za Mtwara na Kagera pia. Na siku mkoa mpya unapozaliwa, kama Machi 2012, mtu lazima aingie kwenye msimbo na kuandika kwa mkono.

Ya tatu ni kuomba kipande tu. Chombo chake, XMLHttpRequest, kilitoka na Internet Explorer 5 mwaka 1999, lakini kilisambaa baada ya Februari 2005, Jesse James Garrett alipouita mtindo huo Ajax. Mwaka uliofuata John Resig akatoa jQuery, na kazi iliyokuwa ya mafundi wachache ikawa ya kila mtu. Unagusa "Simiyu", ombi dogo linaondoka, yanarudi majina matano: Bariadi, Busega, Itilima, Maswa, Meatu.

Kwetu mambo haya yote yalifika karibu kwa wakati mmoja. Kebo ya SEACOM ilizinduliwa Dar es Salaam Julai 2009. Mwaka 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ilianza kupokea maombi ya kujiunga na vyuo kupitia mfumo mmoja, na ukadumu hadi 2017. Machi 2017 zilizinduliwa tovuti za mikoa 26 na halmashauri 185, Itilima ikiwemo. Mwaka huohuo mfumo wa malipo ya Serikali ukaanza, na "kontroo namba" ikawa neno la kila siku. Mkopo wa elimu ya juu nao unaombwa mtandaoni.

Fomu hizo zilipofika, kifaa kilichozipokea mara nyingi kilikuwa simu yenye Opera Mini, kivinjari kilichotolewa dunia nzima Januari 2006. Kilipendwa kwa kuokoa bando, kwa kuwa seva za Opera zilifungua ukurasa huko mbali, zikauminya, zikatuma kilichobaki. Skripti nazo zilikimbia hukohuko kwa muda mfupi, kisha zikasimamishwa. Kila mguso uliohitaji skripti ukawa safari nyingine ya mtandao. Mwandaaji aliyeamini kuwa kazi inafanyika kwenye kifaa cha mwombaji alikuwa amekosea, na orodha yake ya wilaya ikabaki tupu kwenye simu ya mtu aliyefanya kila kitu kama alivyoelekezwa.

Ndiyo maana nguvu ya fomu za mtandaoni katika miji midogo kama Lagangabilili imeshikwa na steshenari. Pale kuna kompyuta, printa, skana, na mtu anayejua ni kivinjari gani kinakubali. Mwombaji wa mkopo anajaza, anachapa, anakwenda kutafuta saini na mihuri kwa viongozi wa kijiji na mbele ya kamishna wa viapo, anarudi kuskani na kupakia. Katikati ya kujaza huenda akahitaji namba ya mzazi aliye shambani kwenye pamba. Anapiga, haipatikani, anasubiri. ASP.NET isipobadilishwa humsahau mtumiaji aliyekaa kimya dakika 20, na kwa PHP kipimo cha kawaida ni sekunde 1,440, yaani dakika 24. Akibonyeza "Endelea", anarudishwa mwanzo kuandika nenosiri. Aliyeviweka vipimo hivyo hakumfikiria mtu anayemtafuta mama yake kwa simu.

Kuna pia kitufe. Mtandao unazunguka, mtu anabonyeza tena, na maombi yanaingia mara mbili. Waandaaji wakaandika skripti ya kuzima kitufe mara kinapobonyezwa. Lakini kanuni ya HTML inasema kilichozimwa hakitumwi, hivyo seva iliyotegemea kujua ni kitufe gani kimebonyezwa hupokea fomu isiyosema lolote. Na mtandao ukikatika kabla haijafika, kitufe kinabaki kimezimwa. Kinga ya kweli iko seva: kila fomu ipewe namba yake, na namba ikifika mara ya pili, ombi lihesabiwe moja. Ukaguzi wote ni hivyohivyo. Kwa HTML5, iliyopitishwa Oktoba 2014, kivinjari chenyewe kinaweza kudai sehemu ijazwe au barua pepe iandikwe vizuri bila skripti, na hiyo ni nafuu kubwa kwa mtandao dhaifu. Bado seva lazima ikague upya, kwa kuwa chochote kilichoko kwenye kifaa cha mtu, hata sehemu iliyofichwa, mtu anaweza kukibadilisha.

Mwaka 2003 Steve Champeon alipendekeza mpangilio ambao naamini ungetufaa tangu siku ya kwanza: ukurasa ujengwe ufanye kazi bila skripti, kisha skripti iongezwe kwa mwenye uwezo wa kuiendesha. Kwa orodha yetu, maana yake ni kitufe kidogo kando ya mkoa, "Onyesha wilaya". Skripti ikiwepo, kitufe kinajificha na orodha inajifungua. Isipokuwepo, mtu anabonyeza, anasubiri ukurasa urudi, anachagua Itilima, anabonyeza tena, na Kinang'weli inatokea, alama yake ikiwa mahali pake.