Walipanda Treni, Wakachora Mwavuli

Mwaka 1872 treni ya kwanza ya Japani ilianza kazi kati ya Shimbashi na Yokohama, na mafundi wa picha za mbao wa Tokyo hawakukawia: karatasi zikajaa moshi, magurudumu na abiria waliovaa Kizungu. Siku hizo treni ilikuwa kioja. Ilipozoeleka, wengi wakaacha kuichora.

Kawase Hasui, mzaliwa wa 1883, ndiye mfano bora. Mchapishaji wake, Watanabe Shozaburo, alimtaka azunguke nchi akichora mandhari, na kuanzia 1919 zikatoka picha zilizoitwa zawadi za safari. Hasui alisafiri kwa reli, madaftari mkobani. Lakini picha zake zina nini? Mtu mmoja, mwavuli, theluji, jioni. Reli huioni ila kwa nadra. Wateja wengi walikuwa Marekani, nao walitaka Japani ya kale. Watanabe aliijua biashara yake. Tetemeko la 1 Septemba 1923 liliwasha moto ulioteketeza duka la Watanabe na madaftari ya Hasui. Mchoraji akafunga mizigo, akarudi njiani miezi kadhaa.

Walikuwapo wengine waliochora, kuchonga na kupiga chapa kwa mikono yao wenyewe, na hao jiji halikuwatia haya. Kati ya 1928 na 1932 wanane wao walitoa picha 100 za Tokyo mpya, na treni ya chini ya ardhi, iliyofunguliwa 1927, ikapata nafasi yake. Hizo ndizo ninazozipenda, ingawa sokoni Hasui ndiye mwenye bei.

Lakini uzeeni Hasui naye alilegeza kamba. Kamati ya serikali ya kuhifadhi urithi ilitaka kazi ya picha za mbao iwekewe kumbukumbu, ikamchagua yeye. Picha ilitoka 1953: theluji katika hekalu la Zojoji. Karatasi moja ilipigwa chapa mara 42. Kila mara pembe yake ilikaa katika alama ileile iliyochongwa ubaoni, kisha ikasuguliwa mgongoni kwa kisugulio kilichovikwa ganda la mwanzi. Fundi akiteleza unywele mmoja, rangi inatoka nje ya mstari.

Nyuma ni lango jekundu la hekalu. Mbele yake watu wamesimama na miavuli yao kituoni, wakisubiri tramu. Tramu yenyewe haijafika.