Dalili za bomba la majitaka lililoziba na hatua za kuchukua

MABOMBA ya majitaka hufichwa chini ya ardhi, na ndiyo sababu wenye nyumba wengi huyakumbuka tu uchafu unapofurika uani. Hata hivyo, kabla ya mambo kufikia hapo, bomba huwa limetoa ishara kadha.

Ya kwanza ni maji kukawia kushuka. Iwapo ni sinki la jikoni pekee, kizuizi kiko karibu, aghalabu katika kona ya bomba iliyo chini yake, ambako mafuta yaliyoganda na makombo hukusanyika. Lakini choo kikibubujika kila bafu linapotumika, au majitaka yakirudi kupitia tundu la bafuni, basi bomba kuu la nyumba limeziba.

Ili kutambua mahali hasa, funua mashimo ya ukaguzi moja baada ya jingine, ukianzia lililo karibu na nyumba. Ukipata moja limejaa na linalofuata ni tupu, kizuizi ki baina yake. Yote yakiwa yamejaa hadi mpakani mwa ploti, huenda tatizo li katika bomba la umma. Piga ripoti kwa kampuni ya maji ya eneo lako. Jijini Nairobi, jukumu hilo ni la Kampuni ya Maji na Majitaka ya Nairobi, iliyoanza kazi mwaka 2004. Mabomba yaliyo ndani ya ploti ni mzigo wa mwenyewe.

Kuna pia bomba lililopasuka bila kuziba. Hili hujulikana kwa harufu isiyoisha, udongo wenye unyevu wakati wa kiangazi, au ukanda wa nyasi zilizositawi kuliko nyingine. Usilipuuze. Katika mitaa inayopata maji kwa mgao, bomba la maji safi hukosa shinikizo siku za ukavu, na likiwa na ufa linaweza kufyonza uchafu uliolizunguka. Hiyo ni mojawapo ya njia za kueneza kipindupindu na homa ya matumbo. Ukishuku jambo hilo, chemsha maji ya kunywa au yatie klorini hadi bomba litakapokarabatiwa.

Fundi huzibua kwa fito ndefu zinazounganishwa. Asidi na magadi makali huunguza ngozi na macho, nayo hubaki bombani yakimsubiri fundi asiye na habari.

Muhimu zaidi, mtu yeyote asiingie shimoni bila vifaa vya kupumulia na wenzake wa kumvuta kwa kamba. Gesi ya hidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, lakini ikizidi huua uwezo wa kunusa, kisha huua mtu kwa dakika chache. Wengi wamekufa wakijaribu kumwokoa aliyetangulia. Aliyezimia shimoni huokolewa na wazimamoto wenye vifaa.