Tullow Oil

Tullow Oil ni kampuni ya kutafuta na kuchimba mafuta, iliyoanzishwa mwaka 1985 na Aidan Heavey na kupewa jina la mji mdogo wa Tullow nchini Ireland. Heavey alikuwa mhasibu, aliwahi kufanya kazi katika shirika la ndege la Aer Lingus, na mambo ya visima hakuyajua. Rafiki yake aliyekuwa benki ndiye aliyemdokeza kuhusu gesi ya Senegal, iliyodharauliwa na makampuni makubwa kwa uchache wake. Akaifuata. Kuokota walichoacha wakubwa kukawa ndiyo biashara yake.

Mwaka 2004 Tullow iliinunua Energy Africa kwa dola milioni 570, na ndani ya mkataba huo ikapata vitalu vya Uganda. Miaka miwili baadaye mafuta yalionekana Mputa, kando ya Ziwa Albert. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Ghana.

Machi 2012 kisima cha Ngamia 1 kiliwapa Wakenya mafuta yao ya kwanza, huko Turkana. Mafuta ya huko, katika eneo la Lokichar, yana nta nyingi, yakipoa huganda. Ndiyo maana yalisafirishwa hadi Mombasa kwa malori yenye matangi ya kutunza joto. Mwaka 2018 wakazi waliyazuia malori hayo, wakidai ulinzi dhidi ya wezi wa mifugo. Shehena ya kwanza, mapipa kama 200,000, iliondoka Agosti 2019.

Heavey aliacha uongozi wa utendaji mwaka 2017, madeni yakiwa ya mabilioni ya dola. Desemba 2019 mrithi wake alijiuzulu na bei ya hisa ikaanguka kwa zaidi ya asilimia 70 kwa siku moja. Kugundua kampuni hii iliweza; kungoja mavuno kuliishinda. Mwaka 2020 iliiuzia Total hisa zake za Uganda kwa dola milioni 575, kabla pipa hata moja halijauzwa.

Msomaji wa Itaba, Burundi, ambako petroli na mazutu hufika kwa malori, asilitegemee bomba la mafuta hayo ya Uganda, la Hoima hadi Tanga, lenye kilomita 1,443, kumpunguzia foleni ya mafuta: limekusudiwa kupeleka mafuta ghafi ng'ambo. Na mali zake za Turkana, mwaka 2025 Tullow ilikubali kuiuzia Gulf Energy ya Kenya kwa dola zisizopungua milioni 120.