Kuonekana na Kuamua: Wanawake Weusi wa Marekani kati ya Gazeti na Darasa

Mjadala wa kuwawezesha wanawake na wasichana weusi wa Marekani umejaa hesabu. Huhesabiwa sura nyeusi kwenye majalada, wahusika weusi katika hadithi za watoto, watangazaji weusi kwenye runinga. Hesabu hizi si za kudharauliwa. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha uchunguzi wa vitabu vya watoto zaidi ya 5,000, akakuta vyenye mtu mweusi hata mmoja, katika maandishi au katika picha, havifiki asilimia 7. Nusu karne baadaye, mwaka 2015, msichana wa New Jersey aitwaye Marley Dias alichoshwa na vitabu vya shuleni vya wavulana weupe na mbwa wao, akaanza kukusanya vitabu 1,000 ambavyo mhusika mkuu ni msichana mweusi. Kinachosimuliwa sana ni ile elfu moja. Mimi navutiwa zaidi na kwamba aliyeamua kitabu gani kiingie ni yeye mwenyewe. Hoja yangu ni kwamba kuonekana ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii, na kwamba mara kadhaa kumepatikana kwa kupoteza sehemu iliyo nzito: mamlaka ya kuamua kichapwe nini, kifundishwe nini, na nani alipie.

Jarida la Essence lilianzishwa mwaka 1970 na wanaume weusi kwa ajili ya wasomaji wanawake weusi, na wahariri kama Marcia Gillespie na Susan Taylor wakalipa heshima yake. Mwaka 2005 kampuni ya Time ilikamilisha kulinunua. Sura za jaladani zilibaki zilezile, ila wenye kauli juu ya fedha walikuwa wengine. Mwaka 2018 lilirudi kwa mmiliki mweusi, Richelieu Dennis, mzaliwa wa Liberia. Anayehesabu majalada tu asingegundua kwamba katika miaka hiyo kuna lolote lililotokea.

Kwenye elimu hasara ilikuwa kubwa zaidi. Hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani katika kesi ya Brown, mwaka 1954, iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma, na haki iliyoleta haina mjadala. Namna ilivyotekelezwa Kusini ni suala jingine. Wanafunzi weusi walipelekwa shule za wazungu, shule zao zikafungwa, na walimu wao wakaachwa nje. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba walimu na wakuu wa shule weusi wapatao 38,000 walipoteza kazi katika majimbo 17 kati ya 1954 na 1965. Wengi wa walimu hao walikuwa wanawake, kwani ualimu ulikuwa mojawapo ya kazi chache za kisomo ambazo mwanamke mweusi aliruhusiwa kuzifanya. Picha za msichana mweusi akiingia shule ya wazungu zilizunguka dunia nzima. Za mwalimu wake akikusanya vitabu na kurudi nyumbani, nani aliyezipiga?

Septima Clark alionja hali hiyo mapema. Alianza kufundisha mwaka 1916 katika kisiwa cha Johns, South Carolina, kwa kuwa shule za umma za mji wake wa Charleston hazikuwa zikiajiri walimu weusi. Mwaka 1956, baada ya jimbo kupiga marufuku watumishi wake kujiunga na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, alikataa kuuficha uanachama wake. Akafukuzwa, na pensheni akanyimwa, baada ya takriban miaka arobaini ya chaki. Alichofanya baada ya hapo ndicho kipimo kizuri kuliko vyote ninavyovijua cha uwezeshaji.

Kisiwani Johns alikuwepo Esau Jenkins, mwenye basi la kuwapeleka watu kazini Charleston. Sheria ya jimbo ilimtaka anayejiandikisha kupiga kura asome kipande cha katiba, basi Jenkins akawa anawafundisha abiria njiani. Walikuwapo walioweza kukariri kipande chote bila kujua kusoma hata neno moja. Kwa mkopo wa shule ya Highlander ya Tennessee, wanakisiwa wakanunua jengo kuukuu lililokuwa shule. Mbele wakafungua duka la ushirika, na vyumba viwili vya nyuma wakavifanya madarasa, ili mzungu akipita aone duka tu. Mwalimu alikuwa Bernice Robinson, ndugu yake Clark, mtengeneza nywele wa Charleston ambaye hakuwahi kusomea ualimu. Clark, aliyesaidia kuliandaa darasa hilo, alimtaka kwa makusudi. Mtu kama yule asingewatazama wazee wa shamba kwa jicho la dharau. Tena riziki yake ilitoka kwa wateja weusi, hivyo hapakuwa na mwajiri mzungu wa kumtishia kazi.

Januari 1957 darasa lilianza na watu wazima 14. Robinson alikuja na vitabu vya shule ya msingi vya kuazima, akaona ni vya kitoto mno kwa watu waliolea wajukuu, akaviweka kando. Badala yake akawauliza wanataka kujua nini. Wakasema: kuandika majina yao, kusoma Biblia, kujaza fomu ya hawala ya posta na ile ya kuagiza bidhaa kwa katalogi. Basi akaandika majina yao kwenye vipande vya kadibodi, nao wakawa wanayafuatisha kwa penseli, tena na tena, mpaka mkono ukazoea mwendo wa herufi. Ukutani akabandika Tangazo la Ulimwengu la Haki za Binadamu, akawaambia kwamba kabla darasa halijaisha kila mmoja ataweza kulisoma.

Mtaala huo ulitoka vinywani mwa wanafunzi, na jengo lilikuwa lao. Mpita njia aliona duka tu, na kutoonekana huko ndiko kulikowalinda. Kufikia mwaka 1970 shule za namna hiyo zilikuwa zimefika karibu 900. Clark, aliyeingia na mpango huo katika SCLC, jumuiya ya haki za raia ya Martin Luther King na wachungaji wenzake, mwaka 1961, alieleza baadaye kwamba viongozi wanaume hawakuwa wakimsikiliza vikaoni. Mamlaka aliyoyajenga darasani yaliishia mlangoni pa wachungaji.

Mpinzani wangu atamtaja Ida B. Wells, na ana haki. Wells, aliyezaliwa utumwani mwaka 1862, alikuwa mwalimu na tangu 1889 mmiliki mwenza wa gazeti la Free Speech la Memphis. Umiliki huo haukumkinga. Mwaka 1891 alipoteza ualimu kwa kuandika juu ya hali mbaya ya shule za weusi. Machi 1892 Thomas Moss na wenzake wawili wa duka la People's Grocery, lililoshindana na la mzungu, waliuawa na genge. Wells akawahimiza watu wahame mji, kisha akaandika kwamba visingizio vya ubakaji vinavyotolewa kuhalalisha mauaji kama hayo ni uongo. Mwezi Mei ofisi ya gazeti ikavunjwavunjwa akiwa safarini.

Pingamizi hili ni zito, lakini halimalizi habari. Tarehe 5 Oktoba 1892 wanawake weusi wa New York na Brooklyn walikusanyika Lyric Hall wakachanga dola zipatazo 500, zilizogharamia kijitabu cha Wells, Southern Horrors. Waliowaongoza walikuwa Victoria Earle Matthews, mwandishi wa habari, na Maritcha Lyons, mwalimu. Genge liliweza kuharibu mitambo. Wasomaji waliokwishapatikana lisingeweza kuwafuta, na wasomaji hawapatikani pasipo mtu wa kuwafundisha. Ndiyo maana naona miradi inayotenga vyombo vya habari na elimu, huku kampeni ya mabango na kule ufadhili wa karo, inakosea tangu kwenye mpango.

Katika zama za intaneti mambo hayajabadilika sana. Safiya Noble, katika kitabu chake cha 2018, Algorithms of Oppression, anaeleza kwamba miaka kadhaa kabla yake aliandika maneno ya Kiingereza yenye maana ya "wasichana weusi" kwenye Google, akaletewa ponografia. Wasichana walionekana, tena kwenye ukurasa wa kwanza. Mwaka huohuo wa 2018 Joy Buolamwini wa MIT na Timnit Gebru walizipima programu tatu za kibiashara zinazotambua jinsia kwa uso. Walitumia picha za wabunge wa nchi sita, Rwanda ikiwemo, iliyochaguliwa kwa wingi wa wanawake bungeni. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi, programu mbaya zaidi ilikosea kwa asilimia 34.7. Kwa wanaume weupe hakuna iliyozidi asilimia 0.8. Kampuni zililazimika kurekebisha, kwa sababu safari hii waliotazamwa na mashine walijua pia kuikagua.

Desemba 2020 Gebru aliondoka Google katika mgogoro juu ya andiko lake la utafiti, yeye akisema amefukuzwa, kampuni ikisema imekubali kujiuzulu kwake. Mwaka mmoja baadaye alianzisha taasisi yake ya utafiti, DAIR, kwa fedha za mifuko ya hisani, ikiwemo ya Ford na MacArthur. Wells alilipiwa na wasomaji wake, Gebru na wafadhili. Fedha za wafadhili huwa na mkataba, na mkataba huwa na mwisho.